Biashara ya Ubunifu wa Ndani wa Nyumba za Kifahari: Maelezo, Hesabu na Maswali ya Kujipima

Mtahiniwa, mada ya uendeshaji wa biashara ni rahisi kuikariri na ngumu kuitumia. Wengi wenu mnaweza kutaja aina za umiliki, sifa za mjasiriamali na kanuni za faida bila kufungua daftari. Lakini swali likikupa biashara usiyoizoea na kukutaka ueleze kwa nini imefilisika ilhali wateja ilikuwa nao, kalamu inasimama. Kwa hiyo katika sura hii hatutapita juujuu kwenye biashara kumi. Tutachukua moja tu na kuifuata tangu mteja anapopiga simu hadi anapolipa shilingi ya mwisho.

Biashara yenyewe ni ubunifu wa ndani wa nyumba za kifahari. Nimeichagua kwa sababu ukiitazama kwa nje inaonekana ni faida tupu: sebule nzuri, makochi ya bei, mteja mwenye uwezo. Ukiifungua ndani unakuta kwamba fedha nyingi zinazopita mkononi mwa mwenye biashara si zake. Anayeelewa jambo hilo moja ameelewa zaidi ya nusu ya sura hii, na linafanya kazi vilevile kwa fundi seremala, mshonaji, mpishi wa sherehe na mkandarasi.

1. MAANA YA BIASHARA HII

Ubunifu wa ndani ni kazi ya kupanga na kuandaa nafasi ya ndani ya jengo ili iwafae wanaoitumia na ipendeze. Inahusu mpangilio wa vyumba, mwanga, rangi, sakafu, dari, samani, mapazia, kabati za jikoni na vyombo vya bafuni. Mbunifu wa ndani hauzi makochi kama muuza duka. Anauza vitu vitatu kwa pamoja:

(a) Ujuzi: kujua nini kinafaa wapi, kwa kipimo gani na kwa nini.
(b) Usimamizi: kuwafanya mafundi wa aina mbalimbali wamalize kazi kwa zamu bila kugongana.
(c) Bidhaa: samani, vitambaa, taa na mazulia anayomnunulia mteja.

Vitu viwili vya kwanza ni huduma, cha tatu ni bidhaa. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu huduma na bidhaa hupangiwa bei kwa njia tofauti, kama utakavyoona katika sehemu ya 5.

2. BIASHARA HII ILIKOTOKA

Kupamba nyumba ni kazi ya kale, na watu wa pwani yetu waliifanya karne nyingi kabla haijaitwa biashara. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar utaona zidaka zilizochongwa ukutani kwa ajili ya kuweka vyombo vya kauri kutoka ng'ambo, milango ya nakshi, na kuta zilizopakwa chokaa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Sababu si ushamba wala ubahili: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kumbuka mfano huu. Unaonyesha kwamba malighafi huamuru umbo, na mbunifu mzuri huanza kwa kuuliza kilichopo kinaruhusu nini.

Kama taaluma inayolipwa, mfano unaotajwa sana ni wa Elsie de Wolfe wa Marekani. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Mwaka 1905 alipewa kazi ya kupamba Colony Club, klabu ya wanawake matajiri jijini New York, iliyofunguliwa mwaka 1907. Wakati huo nyumba za matajiri zilijaa mbao nyeusi, mapazia mazito na vitu vingi vilivyobanana. Yeye alileta rangi nyepesi, vitambaa vya maua, viti vya kusuka na mwanga. Wanachama wa klabu walipoona, walimwita nyumbani kwao. Mwaka 1913 alichapisha kitabu cha mapambo ya nyumba, na baadaye tajiri wa chuma Henry Clay Frick akampa kazi katika jumba lake, kwa malipo yaliyotokana na asilimia ya thamani ya vitu vilivyonunuliwa.

Ukiulizwa somo la kibiashara katika historia hiyo, kuna mambo matatu. Kwanza, kazi moja inayoonekana na watu sahihi ni tangazo kubwa kuliko bango. Pili, aliona pengo: watu wenye fedha waliochoshwa na nyumba za giza. Tatu, alilipwa kwa utaalamu wake, si kwa kumiliki kiwanda wala duka kubwa. Mtaji wake mkuu ulikuwa macho na jina lake.

3. SIFA ZA SOKO LA NYUMBA ZA KIFAHARI

(i) Wateja ni wachache. Mbunifu anaweza kuwa na kazi nne au tano tu kwa mwaka. Kumpoteza mteja mmoja si sawa na duka la rejareja kumpoteza mnunuzi mmoja wa sukari.

(ii) Wateja huletwa na wateja. Mwenye nyumba Masaki au Oysterbay hampi mtu ufunguo kwa sababu ameona tangazo. Anauliza rafiki yake, "Nani alikufanyia hii?" Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili methali hiyo ni kanuni ya kazi.

(iii) Usiri ni sehemu ya bidhaa. Mbunifu huingia hadi chumbani, anajua milango, madirisha na mahali panapowekwa vitu vya thamani. Kupiga picha na kuzisambaza bila ruhusa ya mwenye nyumba ni kuvunja imani, hata kama picha ni nzuri.

(iv) Mahitaji hufuata kipato. Bidhaa za anasa ni za kwanza kuahirishwa uchumi ukiyumba. Familia haiwezi kuahirisha unga, lakini inaweza kuahirisha zulia kwa miaka miwili.

(v) Ubora hupimwa kwa vitu vidogo. Mteja wa soko hili huona mshono uliopinda, droo inayokwama na rangi iliyogusa swichi. Bei kubwa huongeza matarajio, haiyapunguzi.

Angalizo: usiandike kwamba soko hili "halina ushindani kwa sababu wateja ni matajiri." Ushindani upo, tena mkali. Mteja anaweza kuagiza samani Dubai au China, anaweza kumtumia mbunifu wa Nairobi, au anaweza kumwendea moja kwa moja fundi wa Keko aliyetengeneza kitu kilekile.

4. HATUA ZA KAZI, KUANZIA SIMU HADI UFUNGUO

Hatua ya 1: Kusikiliza. Mbunifu hukutana na mteja na kuuliza: nani wanaishi humu, kuna watoto wadogo au wazee, wageni huja mara ngapi, bajeti ni kiasi gani, kazi iishe lini. Bajeti huulizwa siku ya kwanza. Kuona haya kuuliza fedha mwanzoni huzaa ugomvi wa fedha mwishoni.

Hatua ya 2: Kupima. Kila ukuta, dirisha, mlango na ngazi hupimwa na kuandikwa. Mlango na ngazi hupimwa kwa sababu kochi linaweza kutosha sebuleni lakini lisipite mlangoni.

Hatua ya 3: Mchoro na sampuli. Mteja huonyeshwa mpangilio wa samani, vipande vya vitambaa, rangi, mbao na marumaru. Anachokubali hukiwekea saini.

Hatua ya 4: Makadirio ya gharama na mkataba. Kila kitu huorodheshwa kwa idadi na bei. Mkataba huonyesha kazi itakayofanyika, isiyofanyika, muda, awamu za malipo, na utaratibu wa mteja akibadili mawazo katikati ya kazi.

Hatua ya 5: Ununuzi na utengenezaji. Malipo ya awali hupokelewa, oda hutolewa kwa maseremala, washonaji na wauzaji wa taa.

Hatua ya 6: Kazi ndani ya nyumba. Hapa mpangilio wa zamu ni muhimu. Fundi umeme na fundi bomba hutangulia, kisha dari la jipsamu, sakafu, rangi, kabati, halafu mapazia, na samani huingia mwisho. Ukiingiza zulia kabla ya kumaliza rangi, umejitafutia hasara.

Hatua ya 7: Makabidhiano. Mbunifu na mteja huzunguka chumba kwa chumba na kuandika orodha ya marekebisho. Yakishakamilika, malipo ya mwisho hufanyika.

Katika mtihani, swali la hatua hudai mtiririko. Ukitaja hatua sita sahihi lakini ukaweka mkataba baada ya ununuzi, umeonyesha kwamba umekariri maneno bila kuelewa kazi.

5. NJIA ZA KUPANGA BEI

(a) Ada maalumu. Mbunifu hutoza kiasi kimoja kwa kazi nzima. Faida yake ni kwamba mteja anajua gharama mapema. Hasara ni kwamba mteja akibadilibadili mawazo, mbunifu anafanya kazi zaidi kwa malipo yaleyale, isipokuwa kama mkataba uliweka mpaka.

(b) Malipo kwa saa. Yanafaa kwa ushauri mfupi. Hudai kumbukumbu sahihi za muda.

(c) Ongezeko juu ya gharama. Mbunifu hununua kwa bei ya jumla na kumuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi.

(d) Asilimia ya thamani ya mradi. Ndiyo njia inayofanana na ile ya de Wolfe na Frick. Hatari yake iko wazi: kadiri vitu vinavyokuwa ghali, ndivyo mbunifu anavyopata zaidi, hivyo anaweza kushawishika kupendekeza kisichohitajika. Huu huitwa mgongano wa maslahi.

Wabunifu wengi huchanganya njia mbili: ada kwa ujuzi, na ongezeko kwa bidhaa. Njia yoyote inaruhusiwa kibiashara ilimradi mteja anaijua. Kisichoruhusiwa ni kupokea "kitu kidogo" kwa muuza taa kwa siri huku ukimwambia mteja kwamba umemchagulia taa bora.

6. MFANO WA HESABU: FAIDA

Tuchukue mbunifu mmoja Dar es Salaam aliyepata kazi ya sebule na chumba cha kulia cha nyumba ya Mikocheni. Kazi inachukua miezi 4. Takwimu ni za kujifunzia, na tumeacha kodi ili hesabu ionekane vizuri.

Gharama za bidhaa alizonunua:
Makochi: sh. 9,000,000
Meza na kabati za mbao za mninga: sh. 6,000,000
Mapazia na vitambaa: sh. 4,500,000
Zulia: sh. 2,500,000
Taa: sh. 2,000,000
Jumla: sh. 24,000,000

Anaongeza asilimia 25 juu ya gharama: 24,000,000 × 25/100 = sh. 6,000,000.
Bei ya bidhaa kwa mteja: 24,000,000 + 6,000,000 = sh. 30,000,000.
Ada ya ubunifu: sh. 4,000,000.
Mapato yote: sh. 34,000,000.

Faida ghafi = mapato – gharama za bidhaa
= 34,000,000 – 24,000,000 = sh. 10,000,000.

Gharama za uendeshaji kwa mwezi ni mshahara wa msaidizi 600,000, kodi ya ofisi 400,000, usafiri 250,000, umeme, intaneti na michoro 150,000. Jumla sh. 1,400,000 kwa mwezi. Kwa miezi 4 ni sh. 5,600,000.

Faida halisi = 10,000,000 – 5,600,000 = sh. 4,400,000.

Tazama hapo. Mtu wa nje anaona kazi ya milioni 34. Mwenye biashara anabaki na milioni 4.4, yaani takriban asilimia 12.9 ya mapato, sawa na sh. 1,100,000 kwa mwezi. Sasa weka kosa moja: makochi yameshonwa kwa kitambaa ambacho mteja hakusaini, na kuyashona upya ni sh. 3,000,000. Faida halisi inashuka hadi sh. 1,400,000. Kazi ya miezi minne imeliwa na kitambaa kimoja. Ndiyo maana saini ya hatua ya 3 ina thamani kuliko inavyoonekana.

Mtego wa kwanza: asilimia ya nini?

Ongezeko la 6,000,000 ni asilimia 25 ya gharama. Lakini ukiligawa kwa bei ya kuuzia unapata 6,000,000 ÷ 30,000,000 = asilimia 20. Faida ni ileile, asilimia ni mbili. Swali likisema "faida juu ya gharama," gawanya kwa gharama. Likisema "faida juu ya mauzo," gawanya kwa mauzo.

Mbunifu akitaka faida ya asilimia 25 juu ya mauzo, bei sahihi si 30,000,000. Gharama itakuwa asilimia 75 ya bei, kwa hiyo bei ni 24,000,000 × 100/75 = sh. 32,000,000. Aliyechanganya kanuni hizi mbili amejipunja sh. 2,000,000 bila kuibiwa na mtu. Kwenye chumba cha mtihani, atapoteza alama kwa kosa hilohilo.

7. MFANO WA HESABU: MTIRIRIKO WA FEDHA

Faida na fedha mkononi ni vitu viwili tofauti. Mbunifu wetu ana mtaji wa sh. 5,000,000. Analipa gharama za uendeshaji 1,400,000 kila mwezi. Mafundi na wauzaji anawalipa 12,000,000 mwezi wa 2 na 12,000,000 mwezi wa 3.

Mpango A: mteja analipa yote mwezi wa 4.
Mwezi wa 1: 5,000,000 – 1,400,000 = baki 3,600,000
Mwezi wa 2: 3,600,000 – 13,400,000 = pungufu 9,800,000
Mwezi wa 3: pungufu 9,800,000, ongeza 13,400,000 = pungufu 23,200,000
Kwa mpango huu kazi haifiki mwezi wa 4. Mafundi wataacha kazi mwezi wa 2, ingawa kwenye karatasi kuna faida ya milioni 4.4.

Mpango B: mteja analipa kwa awamu. Nusu ya ada mwezi wa 1 (2,000,000). Asilimia 60 ya bidhaa mwezi wa 2 (18,000,000). Asilimia 30 mwezi wa 3 (9,000,000). Asilimia 10 na nusu ya ada iliyobaki mwezi wa 4 (3,000,000 + 2,000,000).
Mwezi wa 1: 5,000,000 + 2,000,000 – 1,400,000 = baki 5,600,000
Mwezi wa 2: 5,600,000 + 18,000,000 – 13,400,000 = baki 10,200,000
Mwezi wa 3: 10,200,000 + 9,000,000 – 13,400,000 = baki 5,800,000
Mwezi wa 4: 5,800,000 + 5,000,000 – 1,400,000 = baki 9,400,000

Mtaji ulikuwa 5,000,000, umekuwa 9,400,000. Tofauti ni 4,400,000, sawasawa na faida halisi tuliyoipata. Hesabu zako zikikubaliana hivi, endelea kwa ujasiri. Zisipokubaliana, rudi nyuma kabla ya kugeuza ukurasa.

Mtego wa pili: fedha zisizo zako

Rudi mwezi wa 2. Akaunti ina sh. 10,200,000. Hapo ndipo wengi huanguka. Mwenye biashara anaona milioni kumi na kununua pikipiki, au analipia deni la kazi ya mteja mwingine. Lakini fedha hizo zimeshapangiwa kazi: mwezi unaofuata mafundi wanadai 12,000,000. Akizitumia, atalazimika kutafuta mteja mpya haraka ili malipo yake ya awali yazibe pengo la mteja wa kwanza, na wa tatu azibe la wa pili. Siku wateja wapya wanapokosekana, kuna sebule tatu zisizokwisha, mafundi wasiolipwa, na jina lililochafuka katika soko ambalo watu wote wanajuana.

Kinga yake si ngumu. Malipo ya awali ya kila mteja yaandikwe peke yake, na ikiwezekana yakae kwenye akaunti tofauti na fedha za ofisi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na malipo ya awali ya mteja ndiyo mali inayopotea upesi kuliko zote.

8. USAJILI NA SHERIA

Kwa Tanzania Bara, biashara hii hupitia milango ifuatayo:
(i) BRELA, kwa kusajili jina la biashara au kampuni.
(ii) TRA, kwa kupata namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN).
(iii) Leseni ya biashara kutoka mamlaka husika.
(iv) Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), ambayo husajili pia wataalamu wa ubunifu wa ndani.

Biashara iliyosajiliwa kwa VAT hutoza kodi hiyo juu ya bei, na kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa kazi yetu, VAT ingekuwa 34,000,000 × 18/100 = sh. 6,120,000, na ankara ingefika sh. 40,120,000. Zile 6,120,000 si mapato ya biashara. Ni fedha za serikali ambazo mwenye biashara amezikusanya. Umeshaona tena? Fedha zinapita mkononi lakini si zake.

Kuhusu umiliki, mtu binafsi huanza kwa urahisi na kuamua upesi, lakini kosa la makochi litalipwa hadi na mali yake ya nyumbani. Ubia huunganisha vipaji, mathalani mmoja mchoraji na mwingine mhasibu, ila unahitaji mkataba wa ubia. Kampuni yenye dhima yenye ukomo hutenganisha mali ya biashara na ya mmiliki, lakini ina taratibu na gharama zaidi.

9. MAFUNDI NA MALIGHAFI

Sifa ya mbunifu imeshikwa na mikono ya watu wengine. Seremala akichelewa wiki, mteja hamlaumu seremala. Kwa hiyo mbunifu hana budi kufanya yafuatayo:
(a) Awe na mafundi wawili au zaidi kwa kila kazi muhimu, ili ugonjwa au safari ya mmoja isisimamishe mradi.
(b) Aandike oda kwa vipimo, mchoro na tarehe, si kwa maneno ya simu tu.
(c) Alipe mafundi kwa wakati. Fundi anayelipwa kwa wakati hukuweka mbele wateja wanapogombania zamu yake.
(d) Ahakikishe mbao, iwe mninga, mvule au msaji, zimevunwa na kusafirishwa kihalali. Mbao mbichi zisitumike, kwa sababu hupinda na kupasuka baada ya samani kukabidhiwa.

Kutumia malighafi za nchini hupunguza gharama za usafirishaji na ushuru, hufupisha muda wa kusubiri, na huacha fedha kwa mafundi wetu. Vilevile humpa mteja kitu kisichopatikana kila mahali. Lakini usiandike kwamba cha nchini ni bora siku zote. Andika: ni bora pale ubora, muda na bei vinapotosheleza mahitaji ya mteja.

10. MFANO WA SWALI NA JINSI YA KULIJIBU

Swali: Biashara ya ubunifu wa ndani ilipata kazi nyingi kwa mwaka mmoja, lakini ilifungwa kwa kushindwa kulipa mafundi. Eleza sababu nne zinazoweza kuwa zilisababisha hali hiyo.

Jibu dhaifu: "Ukosefu wa mtaji, usimamizi mbaya, ushindani, ukosefu wa elimu." Hapa mtahiniwa ametaja, hajaeleza. Majibu haya yanaweza kubandikwa kwenye biashara yoyote, hata ya maandazi.

Jibu imara: "Kwanza, biashara ilikubali kulipwa mwisho wa kazi. Mafundi na wauzaji hudai fedha mapema, hivyo biashara ilikosa fedha mkononi ingawa kwenye hesabu ilikuwa na faida. Pili, huenda malipo ya awali ya mteja mmoja yalitumika kumalizia kazi ya mwingine. Kazi mpya zilipopungua, pengo likawa wazi. Tatu, bei zilipangwa kwa kuangalia gharama za bidhaa pekee, hivyo faida ghafi haikutosha kulipa mishahara na kodi ya ofisi. Nne, mteja hakusaini sampuli, na makosa ya oda yakarudiwa kwa gharama ya biashara."

Angalia muundo: kila hoja ina tukio na matokeo yake. Tumia viunganishi "hivyo," "kwa hiyo," "kwa sababu." Ukishindwa kuweka kiunganishi cha sababu ndani ya hoja, hujaeleza bado.

11. BAADA YA MTIHANI

Baadhi yenu mtaipenda kazi hii yenyewe, si swali lake tu. Njia ni zaidi ya moja. Anayeendelea na masomo anaweza kulenga shahada ya ubunifu wa ndani katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Anayekwenda ufundi anaweza kuanzia useremala, ushonaji, umeme au upakaji rangi katika vyuo vya VETA, kisha akapanda kuwa msimamizi wa kazi nzima. Anayejua kushona pazia lisilopinda ameshapata mlango wa kuingilia. Kinachobaki ni kupima, kuandika na kuweka hesabu, na hayo matatu unayafanyia mazoezi sasa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja vitu vitatu anavyouza mbunifu wa ndani, na ueleze kipi ni bidhaa.
2. Mbunifu alinunua samani kwa sh. 15,000,000 na kuziuza kwa sh. 20,000,000. Tafuta asilimia ya faida (a) juu ya gharama, (b) juu ya mauzo.
3. Katika Mpango B, mteja alikataa kulipa awamu ya mwezi wa 4. Tafuta faida au hasara halisi ya kazi hiyo, na fedha zilizobaki mkononi.
4. "Biashara inaweza kuwa na faida na bado ikafungwa." Fafanua kauli hii kwa kutumia Mpango A.
5. Eleza hatari moja ya kupanga bei kwa asilimia ya thamani ya mradi, na njia ya kuizuia.

MAJIBU KWA KIFUPI

1. Ujuzi, usimamizi na bidhaa. Samani, vitambaa, taa na mazulia ndizo bidhaa.
2. Faida ni 5,000,000. (a) 5,000,000 ÷ 15,000,000 = asilimia 33.3. (b) 5,000,000 ÷ 20,000,000 = asilimia 25.
3. Mapato ni 34,000,000 – 5,000,000 = 29,000,000. Gharama zote ni 24,000,000 + 5,600,000 = 29,600,000. Hasara ni sh. 600,000. Fedha mkononi ni 5,800,000 – 1,400,000 = sh. 4,400,000, yaani pungufu ya mtaji wa mwanzo kwa sh. 600,000. Awamu ya mwisho ilibeba faida yote, ndiyo maana makabidhiano na orodha ya marekebisho havifanywi kwa haraka.
4. Faida huhesabiwa kwa mapato yote kutoa gharama zote, bila kujali fedha zinaingia lini. Katika Mpango A faida ni 4,400,000, lakini kufikia mwezi wa 3 kuna pungufu ya 23,200,000. Mafundi hawalipwi kwa faida ya kwenye karatasi, hivyo kazi husimama.
5. Mbunifu anaweza kupendekeza vitu ghali ili aongeze malipo yake. Huzuiwa kwa kukubaliana bajeti mapema, kumwonyesha mteja ankara za manunuzi, au kutoza ada maalumu badala ya asilimia.

Ukikosa swali la 3, usisome jibu mara ya pili. Chukua karatasi tupu, andika Mpango B upya mwezi kwa mwezi, na ujaribu tena kesho.